Siku yangu moja rampuni Pearson, upepo unavuma na kila mtu amekuwa mchunguzi wa ajali

Saa 9 na nusu usiku. Kitu cha kwanza nashika simu, na sio kwa ajili ya WhatsApp, naangalia upepo. Mi kazi yangu ni kupakia na kupakua mizigo ya ndege rampuni, yaani pale ndege zinapoegeshwa, hapa uwanja wa Pearson, Toronto, na kwa kazi hii mvua unaweza kuizoea, baridi unaivalia, ila upepo ndo unaokupangia siku. Leo ni mwezi wa nne lakini usidanganyike, nje nyuzi 2 tu, na upepo wa magharibi unasoma noti 24 ukipiga kwa mikupuo, yaani unavuma kwa nguvu ghafla kisha unapoa, hadi 34. Kwa asiyezoea noti, 34 ni kama kilomita 63 kwa saa. Nikajisemea leo mada kazini ni ileile, ile ndege ya shirika la Delta la Marekani iliyoanguka hapahapa uwanjani, maana kila upepo ukivuma hivi lazima mtu aianzishe.

Saa 10 na dakika 20. Jamaa yangu wa Goma amenipitia na gari kama kawaida. Kabla sijafunga mlango vizuri ameshaanza, "Mzee, leo iko mupepo mukali sana, unaona vile gari inatingishika?" Nikamwambia naona. Njiani hatukuongea sana, kahawa bado haijaingia kichwani.

Saa 11 alfajiri. Kikao cha dakika tano na supavaiza, mama mmoja wa Kifilipino ambaye haongei sana ila akiongea unasikia. Leo kasema koni zisisimamishwe bila uzito, mikokoteni yote ifungwe breki, mapazia ya mikokoteni yafungwe, na mlango wa ndege usifunguliwe mpaka mtu aangalie upepo unatoka wapi, maana mlango wa ndege nao una kiwango chake cha upepo, ukiuachia vibaya unang'oka bawaba. Wageni wanadhani hizi ni mbwembwe za usalama kazini. Subiri uone kontena tupu linavyotembea lenyewe kwenye lami ndo utaelewa.

Saa 12 na robo. Ndege ya kwanza, jeti ndogo ya CRJ. Ni familia moja na ile iliyoanguka tarehe 17 Februari 2025, ile ilikuwa CRJ900 ya Endeavor Air, kampuni tanzu ya Delta, ikitokea Minneapolis na watu 80 ndani, abiria 76 na wafanyakazi wanne. Ilitua kwenye njia ya kurukia na kutua namba 23, ikaanguka, bawa la kulia likakatika, moto ukawaka na ndege ikabingirika mpaka ikalala chali. Watu wote 80 wakatoka hai. Ishirini na kitu wakaumia, lakini hai. Siku ile ilikuwa sikukuu ya Family Day, shifti yangu ilikuwa imeisha kama nusu saa kabla (ajali ilitokea saa 8 na dakika 12 mchana), niko njiani narudi nyumbani simu ikaanza kulia haikunyamaza mpaka usiku.

Sasa kuna kitu nataka niwaeleze nikiwa hapa chini ya ndege. Taa nyekundu ya tumboni ikizimwa na injini zikinyamaza mi ndo naingia kuweka kabari kwenye magurudumu, kwahiyo miguu ya ndege naiona kwa karibu kuliko abiria yeyote. Watu wanaona gurudumu na nguzo moja nene inayoshuka toka kwenye bawa, basi. Lakini angalia vizuri, pembeni kuna mkono mwingine mwembamba zaidi unaotoka kwenye nguzo kwenda juu kwa ndani, kuelekea tumboni. Huo kazi yake ni kuzuia mguu usijikunje kwa pembeni. Ndege ikiwa angani mkono huo unakunjika ili mguu uingie tumboni, ikitaka kutua unanyooka na kujifunga. Ukivunjika wakati uzito wote uko juu yake, mguu unarudi ulikotoka, unajikunja kama vile rubani kaukunja mwenyewe.

Na ndicho kilichotokea. Bodi ya usalama wa usafiri ya Kanada, TSB, ilitoa ripoti ya awali tarehe 20 Machi 2025, ikasema ule mkono wa mguu wa kulia ulivunjika wakati wa kugusa, mguu ukajikunja, bawa likakatika pale shinani kati ya bodi ya ndege na mguu, mafuta yakamwagika kama wingu na kuwaka. Kipi kilitangulia kipi kwa sehemu ya sekunde, hawakusema, wakasema vipande vinaendelea kuchunguzwa. Kwahiyo ukisikia mtu anakwambia "upepo uliipindua", sio hivo. Ndege ilibingirika kwa sababu ilikuwa na bawa moja. La kushoto bado linanyanyua, la kulia halipo, unategemea nini?

Saa 2 asubuhi. Mizigo ya ndege tatu imeshuka, mgongo unajua. Toka upande huu wa jengo ukisimama vizuri unaziona zinavyokuja kutua, na leo zinakuja kama kaa, pua inaangalia upande mmoja na ndege inakwenda upande mwingine. Dogo mmoja mpya, wiki yake ya kwanza, kashika kichwa, anasema hii imepotea njia. Haijapotea. Upepo unatoka pembeni kulia, rubani anageuza pua kuelekea upepo ili asisukumwe nje ya mstari, halafu karibu na ardhi ananyoosha pua na kulaza kidogo bawa la upande wa upepo. Ndo maana ukiona gurudumu la upande mmoja limetangulia kugusa, usipige kelele, siku ya upepo wa pembeni ni kawaida kabisa.

Hapo ndo wengi wanapokosea kuhusu ile ajali. Video ilipotoka watu wote waliona ndege imelalia kulia ikigusa, wakasema umeona, imelala! Ripoti inasema ilikuwa imelalia kulia kama nyuzi 7 na nusu. Upepo ulikuwa unatoka kulia mbele. Mnara wa kuongozea ndege ulikuwa umewaambia upepo uko nyuzi 270 za dira, yaani unatoka magharibi, noti 23 na mikupuo hadi 33. Njia namba 23 inaelekea karibu nyuzi 237. Piga hesabu ya pembe, unapata upepo wa pembeni wa noti 18 hivi pale mkupuo unapopiga, unaobaki ni wa mbele. Kwa jeti ya abiria hiyo ni siku ngumu, ila sio siku ya kukaa nyumbani. Ndege nyingine zilitua siku hiyohiyo kwenye upepo huohuo.

Sasa kama sio upepo wa pembeni, nini? Mi nikisoma ile ripoti jicho langu linaenda kwenye kushuka. Iko hivi. Ndege ikiwa chini ya futi 200 mkupuo ukapiga toka mbele, kasi ikapanda ghafla mpaka kama noti 154. Rubani akapunguza nguvu ya injini, kitu ambacho ukikifikiria kina mantiki, kasi imezidi, unapunguza. Shida ya upepo wa mikupuo ni kwamba ulichopewa unanyang'anywa. Mkupuo ukapita, kasi ikaanza kuporomoka, injini zimebaki chini vilevile, na ndege ikaanza kuzama. Injini ya jeti nayo ukiisukuma hairudi papo hapo, inachukua sekunde kadhaa kupanda. Na sekunde hazikuwepo. Kutoka ule mkupuo mpaka kugusa ni kama sekunde 13 tu. Sekunde 2.6 kabla ya kugusa ile sauti ya mashine ndani ya chumba cha marubani ikaonya kwamba wanashuka kwa kasi mno. Sekunde 2.6! Muda wa kusema "subiri kwanza" umeisha.

Wakagusa kwa noti 134, wakishuka karibu futi 1,100 kwa dakika, pua imeinuka nyuzi moja tu. Kawaida kabla ya kugusa rubani anainua pua ili kuvunja ule mwendo wa kushuka, na kwa ndege ile vitabu vinataka pua iwe kati ya nyuzi 3 na 8 wakati wa kugusa. Kwa maneno ya mtaani, haikutua, ilifika.

Na hizi futi 1,100 sio namba ya mchezo. Sheria za utengenezaji wa ndege za abiria zinataka mguu uvumilie kutua kwa futi 10 kwa sekunde, ambayo ni 600 kwa dakika, na kuwe na akiba mpaka futi 12 kwa sekunde, yaani 720. Hii ilikuja na zaidi ya futi 18 kwa sekunde. Tena nishati ya pigo haiongezeki sawasawa na kasi, inaongezeka kwa kipeo cha pili, kwahiyo ukilinganisha na ile akiba ya mwisho, pigo lilikuwa zaidi ya mara mbili. Halafu likaingia lote kwenye mguu mmoja wa kulia, kwa sababu ndege ilikuwa imelala. Kwahiyo ule ulalo ambao wenyewe ni kawaida, ukiuchanganya na kushuka kusiko kwa kawaida, ndo unakuwa sumu.

Saa 4 na dakika 10. Mapumziko. Chai yangu ya tangawizi kwenye chupa, wenzangu wanakunywa ile kahawa ya foleni. Mjadala umepamba moto, bana. Singh mmoja wa Brampton, mzee wa kazi, miaka kibao rampuni, yeye anashikilia ni theluji. Anasema wikiendi ile theluji ilimwagika sana, siku ya ajali jua lipo lakini upepo unaipeperusha juu ya njia, kila kitu cheupe, rubani hawezi kujua ardhi iko umbali gani, anachelewa kuinua pua. Sio hoja ya kijinga. Taarifa ya hali ya hewa ya saa ile kweli inataja theluji inayopeperushwa, baridi nyuzi 9 chini ya sifuri. Kwenye weupe mtupu jicho linadanganywa. Lakini nilimwambia mzee, mimi sijaona mahali TSB wamesema marubani hawakuiona njia, hiyo iache kwenye kapu la "inawezekana".

Jamaa wa Goma yeye anasema chuma. "Mi naona ile chuma ilikuwa na ufa ya zamani." Nayo inawezekana, chuma huchoka, ndege inatua maelfu ya mara na kila kutua ni pigo. Ila nikamuuliza, ukikipiga chuma kizima kwa nguvu mara mbili ya kilichoahidiwa kisivunjike, utahitaji ufa? Akacheka, akasema unahitaji maabara. Sawa kabisa, na ndo TSB wanachofanya, kuangalia sura ya mvunjiko chini ya darubini, maana chuma kilichochoka kinavunjika na alama zake na chuma kilichozidiwa kwa pigo moja kina zake.

Kuna kijana pembeni akaleta ya mitandaoni, kwamba rubani msaidizi aliyekuwa anaendesha ni mwanamke na eti alifeli mafunzo. Hapa nilikasirika kidogo. Delta wenyewe walitoa tamko kukanusha, walisema ana leseni ya juu kabisa ya urubani na hakuna mafunzo aliyofeli. Kwenye hiki chumba cha chai kila mtu ana haki ya kuotea sababu, upepo, theluji, chuma, uzoefu, mafunzo ya kutua kwenye mikupuo, vyote viwekwe mezani. Lakini kumwona mwanamke kwenye chumba cha rubani halafu ukafunga faili, huo sio uchunguzi. Supavaiza wetu alikuwa amekaa pale, hakusema kitu, alimwangalia tu yule kijana mpaka akaamka kwenda kuosha kikombe kilichokuwa kisafi.

Saa 6 mchana. Dada yangu mkubwa kapiga toka Tanga, kule ni saa 1 jioni, anataka kujua kama nimekula. Nimemwambia kuna upepo, akaanza, "Mungu wangu, ndo kama ile ya Bukoba?" Nikamwambia hapana dada, ya Bukoba ile ya Novemba 2022 ndege iliingia ziwani wakati hali ya hewa mbaya, watu 43 na 19 wakafariki, hadithi nyingine kabisa. Akauliza sasa ya huko ndege imelala chali na moto juu, wametokaje wote? Swali zuri kuliko yote niliyosikia leo, ukweli.

Nikamweleza kwa kifupi maana alikuwa anakaanga. Kwanza kila mtu alikuwa kajifunga mkanda, wakajikuta wananing'inia kichwa chini miguu juu, ila hawakurushwa. Viti vya ndege za siku hizi vinapimwa kuhimili mpaka mara 16 ya uzito, vikabaki mahali pake. Bodi ya ndege ilikaa nzima kwa kiasi kikubwa. Na bawa lilipokatika likaenda na sehemu ya mafuta na moto wake, japo mafuta mengine yaliingia ndani na baadhi ya abiria walilowa. Zimamoto wa uwanja wakafika haraka, wahudumu wawili wa ndege wakawatoa watu. Wengine waliumia pale walipofungua mkanda, wakadondoka kwenye dari. Mlango wa chumba cha marubani ukagoma, marubani wakatokea kwenye tundu la dharura la darini, ambayo kwa wakati huo ilikuwa sakafu. Watu walipokwisha kutoka ndo ukasikika mlipuko upande wa bawa la kushoto. Dada akasema "Subhanallah" kisha vitunguu vikaungua akakata simu.

Saa 7 kasoro. Upepo umezidi, mikupuo ya 38 sasa. Tumesimama tunasubiri ndege ya mwisho ya shifti yetu, tunaiona inakuja, imefika chini kabisa, halafu injini zikanguruma ikainua pua ikaondoka zake juu. Dogo mpya akauliza imekataliwa? Hapana, rubani kakataa mwenyewe. Hajapenda anachokiona, kasi inacheza, kazunguka kujipanga upya. Abiria ndani watakuwa wanalalamika wanachelewa kuunganisha. Mi nilifurahi, ingawa ina maana tunachelewa dakika 15 na sitalipwa kwa hizo.

Na hapa ndo nina msimamo wangu. Watu wanauliza ajali ile ni upepo, rubani au ndege, kana kwamba ni mtihani wa kuchagua jibu moja. Upepo ulitoa na kunyang'anya kasi, mikono ilipunguza nguvu na haikurudisha, pua haikuinuka vya kutosha, mguu ukapewa mzigo ambao hakuna aliyeuahidi. Toa kimoja hapo, labda ingekuwa kutua kwa kishindo, mafundi waitwe, abiria waandike malalamiko. TSB nao wameandika wazi kwamba ripoti ya awali sio hitimisho.

Ndege ikarudi, ikatua. Kwa kishindo kizuri tu. Tukapakua.

Saa 8 mchana. Tumetoka, jamaa wa Goma anaendesha, na tunapita karibu na kile kibonde cha mto Etobicoke, mwisho wa njia za upande wa kusini. Pale ndo ilipoishia Air France namba 358, Airbus A340, tarehe 2 Agosti 2005, watu 309 na wote wakatoka hai, uwanja huuhuu. Ile ilikuja katikati ya mvua ya radi, upepo ukageuka, ikagusa mbali sana kwenye njia, lami ikaisha bado inakimbia. Ukiziweka pamoja unaona upepo una hila zake, ile ya 2005 ilichelewa kugusa, hii ya 2025 iliwahi. Na kuna nyingine ambayo Singh anaipenda kuitaja, China Airlines 642 kule Hong Kong, Agosti 1999, MD-11 inatua kwenye kimbunga, inashuka kwa kasi kubwa, inapiga mguu wa kulia, bawa la kulia linakatika, inapinduka chali na moto. Watu 315, watatu walifariki. Ukisoma hiyo na hii yetu ya 2025 mfululizo unahisi umesoma karatasi moja mara mbili. Uchunguzi wa Hong Kong nao ulitaja kushuka kwa kasi ambako hakukuzuiwa karibu na ardhi.

Saa 10 jioni. Nimekula wali na maharage ya jana, naandika hii kabla sijalala. Mpwa wangu, mwanafunzi wa uhandisi, kaniuliza kwenye grupu ripoti ya mwisho ikitoka niangalie nini kwanza. Nimemjibu vitu viwili. Cha kwanza, ule mkono wa mguu wa kulia, wamesema ulizidiwa tu au ulikuwa na ufa tayari? Cha pili, marubani wa kampuni ile wanafundishwaje kushughulikia mkupuo chini ya futi 200, je mashine ya mafunzo inaweza kuiga kunyang'anywa kasi namna ile au inawapa upepo laini? Kajibu na kidole gumba na swali kama kuna nafasi za mafunzo kwa vitendo huku. Hiyo nitamjibu kesho.